Mgeni Aliyekaribishwa: Filamu za Kutisha Zilizonishika Mwaka 2025

Filamu ya kutisha naipima kwa swali moja: inataka nimwogope nani? Mlio wa ghafla, damu ukutani, sura inayojitokeza kwenye kioo, hayo humshtua kila mwenye moyo unaodunda, na yakipita yamepita. Kinachobaki filamu ikiisha ni mtu. Kila filamu ya aina hii inakuachia mtu wa kumwogopa, na kesho yake ukikutana njiani na anayefanana naye, unamtazama kwa jicho jingine. Kwa sisi tunaozitazama tukiwa Tabora jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu huu ni mmoja wa mikoa ambamo bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa ni wachawi. Huku kwetu hofu imeshawahi kushika panga. Filamu ninazozitaja hapa, zote za mwaka 2025, nimezipenda kwa dhati, lakini sikuzipenda kwa kiwango kimoja, na tofauti hiyo inatokana na swali hilo.

Mwaka ulikuwa wa neema. Ukiweka kando zile zilizoendeleza majina ya zamani, filamu tatu kubwa zenye hadithi mpya kabisa, yaani Sinners ya Ryan Coogler, Weapons ya Zach Cregger na Bring Her Back ya ndugu pacha Danny na Michael Philippou wa Australia, zimefanana kwa jambo moja kubwa. Katika zote tatu balaa haivunji mlango. Inabisha hodi, inajitambulisha, inakaribishwa, inapewa kiti. Kwenye Sinners ni mwanamuziki mwenye adabu anayeomba kupiga nyimbo mbili tatu na wenyeji. Kwenye Weapons ni shangazi mgonjwa aliyekuja kuuguzwa na ndugu zake. Kwenye Bring Her Back ni mama mlezi anayewafungulia yatima nyumba yake. Sisi tuliolelewa tukijua kwamba mgeni hafukuzwi na kwamba mtoto wa marehemu ni mtoto wa ukoo mzima, hadithi za namna hii zinatugusa mahali ambapo zimwi la msituni halifiki.

Naanza na Sinners, kwa sababu kwangu hakuna iliyoifikia. Ni Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932. Mapacha Smoke na Stack, wote wawili wakiigizwa na Michael B. Jordan, wamerudi nyumbani kutoka Chicago wakiwa na fedha nyingi za mashaka. Wananunua kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao na kukigeuza ukumbi wa dansi kwa ajili ya watu Weusi wanaoshinda kwenye mashamba ya pamba. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, anapiga gitaa la bluzi kwa kipaji ambacho baba yake anakiogopa. Usiku wa ufunguzi muziki wa kijana huyo unamvuta mnyonya damu wa Kiairishi aitwaye Remmick, ambaye Jack O'Connell anamwigiza kwa sauti ya upole inayotia baridi.

Kwa muda mrefu Coogler hana haraka ya kutisha. Anatuonyesha watu wakitafuta mpiga kinanda, wakinunua samaki, wakipatana na mwenye duka aandike kibao. Kuna mabishano ya kibiashara kuhusu kama ukumbi upokee zile fedha bandia ambazo wenye mashamba waliwalipa vibarua, fedha zisizotumika popote isipokuwa kwenye duka la bwana shamba. Smoke anataka fedha halali, Stack anasema watu hawana nyingine na usiku huu waachwe wafurahi. Mtu akizisahau sehemu zote za damu, hiyo asiisahau, kwa sababu ndiyo inayotuambia kwamba damu ya watu hawa ilishaanza kunyonywa kabla mnyonya damu hajafika.

Hapo ndipo mtazamaji wa huku anaposogea karibu na skrini. Enzi za ukoloni Afrika Mashariki nzima ilizungukwa na habari za mumiani. Kuanzia Uganda hadi Tanganyika watu waliambiana kwamba magari ya zimamoto, au watu wa mzungu fulani, huwakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliyachukulia masimulizi hayo kwa uzito unaostahili. Aliona kwamba mazungumzo ya mumiani yalikuwa namna ya watu kuelezea kazi, mshahara na mamlaka ambavyo hawakuvielewa na ambavyo viliwamaliza nguvu. Unyamwezi ulijua kazi za namna hiyo. Kutoka huku ndiko walikotoka wapagazi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani karne ya 19, na baadaye manamba waliopelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga. Kwa hiyo mnyonya damu anayezunguka pembeni mwa shamba la pamba hahitaji kutafsiriwa kwa mtu wa hapa. Tulikuwa naye siku nyingi.

Halafu kuna ile sehemu ya muziki. Sammie anaimba ukumbini na paa linaonekana kama linaungua, na katikati ya wachezaji wa 1932 wanatokea wapiga ngoma wa Afrika ya kale, mpiga gitaa la umeme wa miaka ya baadaye, DJ na sahani zake, mcheza ngoma za jukwaani wa Kichina, waliokufa na ambao hawajazaliwa, wote wakicheza sakafu moja. Kamera inapita katikati yao kama nayo imekuja kucheza. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko kipande kingine chochote cha filamu mwaka huo. Tabora ni mji uliowahi kuwa na Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, mji ambao magitaa yake yalisikika redioni nchi nzima, na vijana wengi wanaopita leo kwenye mitaa ya Isevya na Cheyo hawajui kwamba hapo palipigwa dansi. Nyuma ya magitaa hayo walikuwepo manju wa ngoma, na nyuma ya manju zilikuwepo nyimbo za wapagazi. Coogler amepiga picha kitu ambacho wazee wetu hukisema kwa njia zao: ngoma ikipigwa vizuri, mizimu inakuja kusikiliza. Na amethubutu kusema kwamba ngoma hiyo hiyo inaweza kumwita na asiyetakiwa.

Sababu kubwa ya kuiweka juu ya zote, hata hivyo, ni Annie. Wunmi Mosaku, mwigizaji mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Uingereza, anamwigiza mke wa Smoke, mwanamke anayejua mizizi, majani na hirizi. Katika filamu zetu za nyumbani na nyingi za Nigeria, mtu wa namna hiyo ana kazi mbili tu. Anakuwa mshenzi mwenye shuka nyekundu anayetafuna maneno, au anakuwa wakala wa shetani anayesubiri kushindwa na mchungaji dakika kumi za mwisho. Annie ni mtu mzima mwenye majonzi. Amemzika mtoto wake mchanga, anamlaumu na kumpenda mumewe kwa wakati mmoja, na balaa inapofika yeye ndiye wa kwanza kuielewa. Hapigi kelele. Anasema hiki ni nini, kinazuiwaje, nani asiruhusiwe kuingia. Kwa watu wa Unyamwezi, ambako mfumu kwa asili alikuwa mtu wa kutibu na kuangalia chanzo cha matatizo, mwanamke huyo anatambulika mara moja. Sijawahi kuona filamu kubwa ya Marekani ikimheshimu mtu wa aina hii kiasi hicho.

Mlango nao umetumika kwa akili. Sheria ya zamani ya hadithi hizi ni kwamba mnyonya damu hawezi kuingia mpaka akaribishwe, na watunzi wengi huitumia kama kichekesho. Coogler ameifanya kuwa uti wa mgongo. Baunsa wa ukumbi, Cornbread, anatoka nje kidogo kujisaidia. Anarudi, anasimama kizingitini, anaomba aruhusiwe kupita. Ni rafiki yao, wanamjua, wamemwajiri mchana ule ule. Kwa nini basi anaomba ruhusa? Mazungumzo ya pale mlangoni yamenitisha kuliko meno yote yaliyofuata, kwa kuwa kila neno analosema ni la kawaida na kila mmoja wetu angemwambia pita.

Remmick mwenyewe hana chuki. Anawaahidi Weusi wale undugu usio na ubaguzi, jambo ambalo Mississippi ya 1932 haiwezi kuwapa, na kwa namna yake anasema kweli. Sammie anapokimbilia Sala ya Bwana, Remmick anaifuatisha neno kwa neno. Anaijua, kwa kuwa waliowanyang'anya watu wake ardhi ndio waliowaletea sala hiyo. Nilipoiona sehemu hiyo nilisimamisha filamu na kukaa nikiwaza. Anachokitaka ni nyimbo za Sammie, kumbukumbu zake, ukoo wake wote, na atavichukua kwa kumkumbatia. Ajabu ni kwamba Coogler mwenyewe, alipouza filamu hii kwa kampuni ya Warner Bros., aliweka sharti kwamba haki za filamu zirudi mikononi mwake baada ya miaka 25. Mtu aliyetunga hadithi kuhusu nani anamiliki wimbo amehakikisha wimbo wake mwenyewe hautapotea.

Picha ilipigwa kwa filamu pana ya milimita 65, na mpiga picha wake, Autumn Durald Arkapaw, ndiye mwanamke wa kwanza kupiga filamu ya hadithi kwa kamera za IMAX za aina hiyo. Wengi wetu huku tumeiona kwenye televisheni ya sebuleni au kwenye simu. Inatia uchungu, lakini hadithi haikupungua.

Weapons ndiyo ngumu zaidi kuizungumzia, na nitakaa nayo kidogo. Kwa ufundi wa kusimulia sijaona ya kuishinda mwaka huo. Katika mji mdogo wa Maybrook, watoto 17 wa darasa moja wanaamka saa nane na dakika kumi na saba usiku, wanafungua milango ya nyumba zao na kukimbia gizani mikono ikiwa imetandazwa. Darasani anabaki mtoto mmoja tu, Alex. Cregger anaisimulia habari hiyo kwa sura sita, kila sura ikimfuata mtu mmoja: mwalimu, mzazi, polisi, teja, mkuu wa shule, na mwisho Alex. Kila sura inarudi nyuma kidogo na kufungua tundu lililoachwa na iliyotangulia. Ni usimulizi ambao bibi zetu wangeufurahia, kwa sababu kila unapodhani umefika, anatokea mtu mwingine na kusema subiri, hujasikia upande wangu.

Sura ya kwanza ni ya mwalimu Justine, anayeigizwa na Julia Garner. Wazazi wamepotelewa na watoto, hawana jibu, na mikutanoni hasira yao yote inamwangukia yeye. Kwa nini darasa lake? Kwa nini yeye yupo salama? Mwanamke mwenyewe anaishi peke yake, anapenda pombe, hana mume. Usiku mmoja mtu anamwandikia "mchawi" kwa rangi nyekundu kwenye gari lake. Mkazi wa Nzega, Igunga au Uyui hahitaji kuelezwa zaidi. Ndivyo inavyoanza. Kuna msiba usio na maelezo, kuna mwanamke asiye na wa kumtetea, kuna mtu mmoja anayelitamka neno, na kutoka hapo kila mmoja anakumbuka kitu alichokiona. Nusu ya kwanza ya Weapons ndiyo maelezo sahihi kuliko yote niliyoyaona kwenye filamu ya kigeni kuhusu tuhuma ya uchawi inavyozaliwa na uchungu wa wazazi.

Kisha filamu inageuka. Inabainika kwamba mchawi alikuwepo kweli, ila alikuwa mwanamke mwingine. Ni Gladys, shangazi wa upande wa mama yake Alex, kikongwe mwenye nywele bandia nyekundu na vipodozi vingi, aliyekuja kuomba hifadhi kwa kuwa anaumwa. Amy Madigan anamwigiza kwa namna ambayo hutajua kama ucheke au ukimbie. Anawafunga wazazi wa Alex kwa kijiti chenye miiba, unywele na tone la damu, kisha anamtumia mtoto amletee kitu cha kila mwanafunzi mwenzake. Mwishoni Alex anaijua mbinu, anaigeuza, na wale watoto 17 wanamkimbiza kikongwe huyo kutoka nyumba hadi nyumba, wakivunja madirisha, mpaka wanamrarua kwa mikono.

Niliitazama mara ya kwanza nikiwa peke yangu, na nilishangilia. Baadaye niliikuta kwenye kibanda umiza, DJ akitafsiri juu ya sauti za waigizaji kwa ule ufundi ambao mtafsiri wa filamu Lufufu aliufanya uwe sanaa inayojitegemea nchini. Kwake Gladys alikuwa "bibi mchawi" tangu alipotokea, na kwenye ile mbio ya mwisho kibanda kizima kilisimama kikipiga makofi, watoto wa shule ya msingi wakiwa mabenchi ya mbele. Mbele ya watazamaji wale maana ya sehemu hiyo ilibadilika mbele ya macho yangu. Marekani watu wanaweza kucheka kikongwe akikimbizwa na kundi, kwa sababu kwao kumbukumbu ya watu kuuawa kwa kuitwa wachawi iko mbali sana. Huku kwetu mashirika ya haki za binadamu yameripoti mauaji ya wazee mwaka baada ya mwaka, hasa Kanda ya Ziwa na Tabora. Macho mekundu yanayodhaniwa kuwa alama ya uchawi ni ya wanawake waliopika kwa kuni na samadi maisha yao yote kwenye jiko lisilo na dirisha. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Bado lambalamba wa kwetu na kamchape wa Kigoma wanaitwa vijijini kuja kufichua wachawi, na wanaofichuliwa mara nyingi ni wajane wenye shamba.

Simdai Cregger aijue Tabora. Yeye alianza kuiandika baada ya kufiwa ghafla na rafiki yake na mwenzake wa kazi, Trevor Moore, mwaka 2021, na amesema sura ya Alex imetokana na utoto wake katika nyumba yenye mzazi mlevi. Ukiitazama hivyo, Gladys anaacha kuwa kikongwe. Anakuwa kitu kinachoingia nyumbani kikijiita ndugu, kikawakausha baba na mama mpaka wakabaki wamekaa kama magogo, huku mtoto akiwalisha supu kwa kijiko na kwenda shule akisema nyumbani kuzuri. Sehemu za Alex akifungua makopo ya supu ni za kuliza. Tunawajua watoto wa hivyo, wanaopika, wanaofua, wanaomvua mzazi viatu usiku. Kwa sehemu hiyo filamu inastahili kila sifa.

Lakini kosa ninaloliona ni la hadithi yenyewe, wala halikuanzia kibandani. Filamu inamtakasa Justine, kisha inatupatia mchawi wa uhakika ili hasira tuliyokatazwa kumwagia mwanamke wa kwanza tummwagie wa pili bila hatia. Kundi la watu lilikosea mtu, ila halikukosea wazo. Hapo ndipo ninapoachana nayo, na ndiyo maana haipo juu ya Sinners hata kama ufundi wake pengine ni mkubwa zaidi. Ma-DJ wetu wanaweza kusaidia. Mtu anayeishika hadithi kwa maikrofoni anaweza kukazia zile supu za Alex na lile gari lililoandikwa kwa rangi nyekundu, na watoto wa mabenchi ya mbele wakatoka na kitu kingine vichwani.

Hapa naona nikiri kile ninachokiamini kuhusu vibanda: ndiyo majumba yetu ya sinema. Wanaovidharau hawajui filamu ya kutisha ni kitu cha kutazamwa na watu wengi, bega kwa bega, joto likiwa kali na jenereta likinguruma. Ila wenye vibanda wangezitenga filamu hizi zianze saa tatu usiku, watoto wakiwa wamelala.

Bring Her Back hasa haifai mtoto kuiona. Andy na mdogo wake wa kambo Piper, asiyeona vizuri, wanamkuta baba yao amekufa bafuni. Wanapelekwa kwa Laura, mama mlezi aliyewahi kufanya kazi ya kushauri familia, ambaye binti yake naye alikuwa kipofu na alizama kwenye bwawa la kuogelea la pale nyumbani. Sally Hawkins, ambaye tumemzoea kwenye filamu za upole, ndiye Laura, na nasema bila kusita kwamba ni uigizaji wa kutisha ulio bora kuliko wote wa mwaka. Anacheka, anacheza muziki, anawamiminia pombe, anamkumbatia Piper muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. Polepole unagundua kwamba anamtaka msichana yule kwa kazi fulani, na kwamba kaka mtu ni kikwazo.

Andy na Piper wana neno lao la siri, balungi. Mmoja akilitamka, mwenzake lazima aseme ukweli. Philippou wanalitumia neno hilo mara chache, na kila mara linauma. Anachokifanya Laura ni kuuvunja uaminifu kati ya watoto wawili mpaka neno lisitoshe. Anamfanya Andy aonekane mkorofi, mwongo, mchafu, na watu wa ustawi wa jamii wanamsikiliza mtu mzima mwenye sauti nzuri. Kuna sehemu ya mtoto mwingine wa nyumba ile, Oliver, na kisu cha jikoni, ambayo niligeuza uso. Bado si hiyo iliyokaa nami. Iliyokaa nami ni ile ya kijana wa miaka 17 akieleza ukweli na kuona nyuso za wakubwa zikifunga. Tuna familia nyingi mno zilizowapokea watoto wa ndugu waliofariki, na nyingi zimewalea kwa upendo. Zile chache ambazo hazikufanya hivyo, mtoto alimwambia nani? Filamu hii inanitaka niogope nyumba nzuri ambayo hakuna anayeikagua, na hofu hiyo ina faida.

28 Years Later ya Danny Boyle, iliyoandikwa na Alex Garland, inaendeleza hadithi iliyoanza mwaka 2002 ya virusi vilivyowageuza Waingereza kuwa wendawazimu wenye hasira. Watu wachache wamejihifadhi kwenye kisiwa kinachounganishwa na bara kwa njia inayofunikwa na maji bahari ikijaa. Sehemu kubwa ilipigwa kwa simu za iPhone zilizofungwa lenzi maalumu, na hilo liwaingie akilini vijana wetu wanaosema hawana kamera. Nusu ya kwanza, baba akimpeleka mwanawe Spike kuua kwa mara ya kwanza, ni nzuri ya kawaida. Nusu ya pili ndiyo niliyoipenda. Mtoto anamchukua mama yake mgonjwa, anavuka naye kwenda bara kumtafuta daktari ambaye wote wanasema ni kichaa. Daktari huyo, Kelson, aliyeigizwa na Ralph Fiennes, amejenga minara ya mifupa ya watu wote waliokufa kwa ugonjwa, wazima na walioambukizwa, bila kuwabagua. Amekaa miaka akiwapa heshima wafu wasio na wa kuwazika. Kwetu mtu kuzikwa bila watu ni jambo la aibu kuliko kifo chenyewe, na filamu ya mazombi iliyogeuka kuwa filamu ya kumfundisha mtoto kumzika mama yake ilinifanya nilie. Mwisho wake wa vurugu na wahuni wenye nguo za michezo siupendi, umekuja kama wa filamu nyingine.

Nyingine nazipitia haraka. Presence ya Steven Soderbergh imefanya kamera iwe mzimu wenyewe, nasi tunaitazama familia moja kupitia macho yake. Ni ya polepole na mwisho wake unalipa. Good Boy inamfuata mbwa, Indy, ambaye anaona kitu kibaya nyumbani na hawezi kumwambia bwana wake. Wazo dogo lililotunzwa vizuri. Final Destination Bloodlines ilirudi baada ya miaka 14 ikiwa na ajali za kuchekesha na kutisha, na ndani yake yumo mwigizaji Tony Todd, aliyefariki Novemba 2024. Maneno yake ya kuaga aliachiwa ayaseme mwenyewe kutoka moyoni, na ukijua hilo hutaweza kuyasikiliza kama mazungumzo ya kawaida ya filamu. The Conjuring: Last Rites ilipata fedha nyingi kuliko zote za mfululizo wake. Mimi iliniacha baridi, kwa sababu inanitaka nimwogope shetani tu, na shetani peke yake bila mwenyeji wa kumfungulia mlango hanisumbui usiku.

Mtu atauliza, na zetu? Miaka ya mwanzo ya 2000 mwongozaji Mussa Banzi alitupa Nsyuka na Shumileta, na mabanda yalijaa. Zilikuwa na kasoro za sauti na mwanga, ila zilikuwa na mizuka yetu, nyumba zetu, lugha yetu. Baada ya hapo waandaaji wengi walikimbilia mapenzi na usaliti, na hadithi za kutisha zikabaki za mganga na mchungaji. Mkoa huu una misitu ya miombo ya Sikonge na Kaliua, una tembe la Kwihara, una stesheni ya reli iliyopokea treni tangu 1912. Una mahali pa kutosha.

Filamu ninayoitaka ingemchukua ajuza wa kijijini Uyui aliyeanza kusemwa. Mjukuu wa jirani amekufa kwa homa. Kamera ingekaa naye ndani siku zote, na sisi tungejifunza kutambua sauti za nje kama yeye anavyozitambua: nani anapita bila kusalimia, nani ameacha kuja kuazima chumvi, mkutano wa wanaume chini ya mwembe umechukua muda gani. Hakuna zimwi hata moja. Mlango ni wa mabati, komeo lake ni kipande cha nondo, na wanaobisha hodi ni watoto aliowapokea mikononi mwake walipozaliwa. Boyle ameonyesha kwamba simu inatosha kupigia picha. Waigizaji wa umri huo wapo kwenye vikundi vya ngoma na kwaya hapa mjini, na wengi wana mengi ya kusimulia kuhusu jambo hili. Anayehitajika ni mwandishi atakayekwenda kukaa nao na kuwasikiliza kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza.